Paka Aliyetamani Vigelegele vya Chatu

Nyumbani kwa Bi Mwanasiti waliishi paka na chatu. Chatu alimeza panya mmoja, akakaa wiki tano bila kwenda haja. Siku alipokwenda, Bi Mwanasiti alipiga vigelegele, akamkogesha kwa maji ya uvuguvugu, akawaita na majirani waje kuona.

Paka alitazama huku roho ikimuuma.

"Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!" akafoka. "Mimi naenda kila asubuhi, tena nafukia mwenyewe mchangani. Nani amewahi kunipigia kigelegele?"

"Ndugu yangu," chatu akamjibu, "hivi vyangu usivitamani."

Paka akaona anafanyiwa choyo. Tangu hapo akajizuia. Siku ya kwanza alitembea kwa maringo. Siku ya nne hata samaki alimshinda, na tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Bi Mwanasiti akambeba mbio kwa daktari wa mifugo. Huko akaingizwa mpira kwa nyuma, akamiminiwa maji. Choo kilipotoka, Bi Mwanasiti alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka.

Paka alirudi nyumbani akijikokota.

"Vilikuwa vitamu?" chatu akamuuliza. "Hata vyangu ni hivyo hivyo. Hupigiwa aliyedhaniwa hatapona."

Kesho yake asubuhi paka alienda mchangani, akamaliza, akafukia. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Akajilamba makucha, akashukuru.