Mfuko wa Karatasi

Lugendo alilikodolea macho ua la zambarau. Msimu uliopita alichavusha kwa mkono njegere mbili za maua meupe, na huu ndio mche uliotokana nazo.

“Nyuki aliingia,” alimwambia Bi Salome, mtaalamu wa mbegu.

“Apitie wapi, na mfuko wa karatasi uliufunga mwenyewe juu ya ua? Rangi huletwa na vitu viwili pamoja; kila mzazi alipungukiwa kimoja, ila si kile kile. Mtoto kapokea hiki kwa mama, kile kwa baba.”

Lugendo akaishusha kofia kufunika uso wake usio na rangi. Mkewe Zena, mwenye ualbino kama yeye, alimzalia mtoto mweusi tii. Zena aliapa mpaka sauti ikamkauka, naye akamrudisha kwao kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Bi Salome alipoondoka, Lugendo aliliziba ua kwa kiganja, kama anayemziba mtu mdomo.