Kura ya Nyumba

Siku hizi mwenye saratani haamui matibabu peke yake. Yeye na anaoishi nao hupiga kura ya siri, na kisanduku cha ukutani hutangaza matokeo.

Yangu ni ya tezi dume, ndogo, imegunduliwa mapema. Daktari alisema tunaweza kuiangalia tu kwa vipimo, au nifanyiwe upasuaji ambao huenda ukanimaliza kama mume na kuniacha nikijikojolea. Mke wangu, Mwanakombo, alinishika mkono.

"Tutasubiri, baba Nuru. Mimi niko nawe."

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, tulipiga kura mimi, yeye, binti yetu Nuru na mdogo wake Shaweji. Wasiwasi wangu wote ulikuwa kwa hao watoto.

"Kusubiri, kura moja," kisanduku kikatangaza. "Upasuaji, tatu."

Hiyo moja ilikuwa yangu.

"Watoto wa siku hizi!" Mwanakombo akaguna, akinimiminia chai. "Pole, mume wangu."

Nikaenda chumbani kujilaza, nikasikia kitu kikichakacha chini yangu. Nikafunua shuka. Upande wangu ulikuwa umeshatandikwa nailoni mpya, imechomekwa vizuri pembeni, kama Mwanakombo alivyokuwa akimtandikia Nuru alipokuwa mchanga.