Kitabu cha Mashine ya Sita

Umeme ulikatika asubuhi, na sasa betri ya akiba ilikuwa imeanza kulia. Fundi alijua imebakiza dakika kumi, ikizidi sana.

"Mama, kitabu cha hii kiko wapi?" alimwuliza mkewe.

Kompyuta kuukuu arobaini zilijipanga rafuni, kila moja na kitabu chake cha maelekezo chini yake. Mashine na kitabu chake chanda na pete, ndiyo ilikuwa sheria ya chumba. Ila chini ya ile ya sita palikuwa patupu. Na bila kitabu angejuaje waya upi aunganishe na betri ya gari? Akikosea, inaungua.

Mashine ile haikuwa na diski. Ilikumbuka kwa umeme tu. Ukikatika, kwisha habari. Na kwenye kioo chake palikuwa na mstari mmoja: *Baba, nimekusamehe. Nitarudi Jumapili.*

Fundi alikuwa amemfukuza mwanawe kwa maneno makali, mbwa hali. Kijana hata stendi hakufika, gari lilimgonga. Baada ya mazishi, mkewe, mchapaji mstaafu wa ofisini, ndiye aliyemshika mkono akamleta hapa. "Njoo uone alichokuachia." Tangu siku hiyo, miaka tisa, mashine haikuzimwa, na fundi aliweza kupata usingizi.

"Iache izime, baba," mkewe alisema mlangoni. "Maneno si unayo kichwani?"

"Maneno ninayo! Nataka zile herufi alizobonyeza kwa vidole vyake! Zikipotea, nimemuua mara ya pili."

Mke alitupa jicho kwenye cherehani yake pembeni.

Fundi akakimbilia cherehani ya mkewe kutafuta mkasi wa kuchunia waya.

"Droo hiyo usifungue!"

Alikwisha kuifungua. Chini ya vitambaa, kitabu hicho hapo. Mungu mkubwa! Alifunua mpaka ukurasa wa mwisho, penye mchoro wa nyaya. Pembeni mwa mchoro palikuwa na mwandiko wa penseli, mwandiko wa mkewe.

*Baba, usijilaumu.* Umekatwa kwa mstari.

*Baba, bado nakupenda.* Umekatwa.

*Baba, nimekusamehe. Nitarudi Jumapili.*

Huo haukukatwa.