Hereni za Mke Mwenza

Muuguzi alipopangusa sikio la kwanza kwa spiriti, bibi aligeukia ukutani akajifanya anasoma bango la kunawa mikono.

"Ana umri gani?"

"Miezi mitatu na siku zake."

"Chanjo?"

"Hajakosa hata moja." Hilo lilikuwa kweli, alimuuliza mkwewe, mke wa mwanawe, kwa simu.

"Na mama yake amekubali?"

"Yeye ndiye aliyenituma," akadanganya bibi. Kadi ya kliniki, aliongeza, imesahauliwa nyumbani.

Muuguzi alimtazama, akaziamini mvi.

"Umefanya vizuri kumleta huku. Wengine hutumia sindano ya kushonea nguo, sikio likitunga usaha ndipo wanatukumbuka."

Bibi alikohoa. Binti yake mwenyewe alitobolewa jikoni, kwa sindano hiyohiyo, na mpaka leo sikio moja limekunjamana. Aliyeishika sindano anajulikana.

"Tulia, mke mwenzangu," akambembeleza mtoto. "Tukitoka hapa utanizidi urembo, nami sitanuna."

Kilio kilikuwa kifupi. Aibu ndiyo iliyokuwa ndefu.

"Msizitoe mpaka wiki sita ziishe," muuguzi alisema. "Na asiziguse mtu kabla ya kunawa."

Asubuhi ileile ndipo bibi aliposhuka kwenye basi, kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza. Alipozaliwa, simu ilisema tu, "Umepata mjukuu," naye siku hiyohiyo akanunua hereni. Mkwe, ambaye hajawahi kumwachia hata sufuria jikoni, alimwachia mtoto akiwa amelala ili awahi kupeleka karatasi kazini. "Nakuamini, mama," alisema mlangoni. Mlango haujafungwa sawasawa, mtu mzima kashatoa hereni mkobani.

Njiani alijitetea. Kwani hakuuliza? Mwezi uliopita alipiga simu: "Masikio yake vipi?" Mkwe akajibu, "Mazima, mama. Mlango ukigongwa tu, anashtuka." Wasomi bwana! Kwa kukwepa swali, hawajambo.

Lakini kadiri nyumba ilivyokaribia, ndivyo utetezi ulivyomwishia. Nani atamwachia mtoto tena? Hata kumpakata tu, itabidi aombe ruhusa.

Alimkuta mkwe amekwisha rudi, kasimama sebuleni na viatu mguuni. Bibi hakungoja kuulizwa.

"Mwanangu, nimekukosea. Nimemtoboa mtoto masikio bila kukuuliza, na kule zahanati nikasema umenituma wewe. Ukinirudisha stendi sasa hivi, sina la kusema."

Mkwe alizitazama hereni, kwanza moja, kisha ya pili. Midomo ikamchezacheza. Akampokea mtoto, akamlaza kwenye kochi, akamfungua nepi.

"Mama," akasema, "njoo umsalimie mume wako."