Hodi Tatu

Kinu nambari nne kilijizima tena saa nne na dakika kumi. Ilikuwa mara ya tano tangu Jumatatu, na kwa mara ya tano hakikuwa na ugonjwa wowote.

Mhandisi alipiga magoti kando ya pipa lile la chuma, kubwa kama chumba cha kulala, ambalo kutwa huzunguka likichanganya udongo wa vigae. Ubavuni mwake alikuwa amekifunga kwa mikono yake kisanduku cheusi kisichozidi mkate kwa ukubwa, cha kwanza kuwashwa kati ya kumi na viwili. Kazi ya kisanduku ilikuwa kusikiliza mngurumo wa kinu na, kikisikia dalili ya ubovu, kukizima papo hapo bila kumwuliza mtu. Wafanyakazi walishampachika mhandisi jina: Dada Kisanduku. Mwanzoni lilikuwa jina la heshima. Wiki hii walilitamka huku wakicheka, na lilimchoma.

"Kwa nini kisiulize kwanza kompyuta kubwa za makao makuu?" Meneja alikuwa amemkaba koo tangu asubuhi.

"Kikiuliza, bosi, jibu linarudi baada ya sekunde nne. Hapo mtandao umeamka vizuri. Kwa kinu, sekunde nne ni nyingi."

"Saa sita wenye kiwanda wanakuja kuona. Kikijizima tena bila sababu, visanduku vyote kumi na viwili vinang'olewa, na wewe unarudi ulikotoka."

Miaka mitatu ya maisha yake ilikuwa ndani ya visanduku vile. Alivaa hedifoni, akaanza kusikiliza sauti ambazo kisanduku kilikuwa kimezihifadhi kabla ya kila kuzima. Zote tano ziliishia kwa mlio uleule.

Ngo, ngo, ngo.

Hakuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Kiwanda kizima kilimjua Fundi Hodi, mzee aliyetibu vinu hivyo tangu mhandisi hajazaliwa. Hakuwahi kukigusa kinu bila kukigonga kwanza mara tatu kwa spana, na hodi yake ilisikika hadi getini. Miezi mitatu kisanduku kilipokuwa kikifundishwa, mzee alikuja tu kinu kikiugua. Basi kisanduku nacho kikashika somo lake: hodi tatu, hapa pana mgonjwa, zima. Tangu Jumatatu mzee alikuwa amepangiwa kupitia vinu vyote kila siku, vizima kwa vigonjwa, na kila alipopita alibisha.

Alimkuta mzee akijifuta grisi kwa kitambaa.

"Mzee wangu, nakuomba. Leo usibishe hodi."

"Niingie kwa watu kama mwizi?"

"Si watu, mzee. Ni chuma."

"Chuma hicho kimenilishia watoto saba. Mimi nikiwa na kazi kwake hata viatu navua, na wewe unaniambia chuma!" Alicheka, kisha akauona uso wake, akaacha. "Haya, mwanangu. Kwa ajili yako tu. Leo sibishi."

"Niahidi."

"Nimeshasema. Utanisahau kama nipo." Akachukua kikwangulio chake cha udongo mkavu, akaenda zake.

Mhandisi alirudi mezani na kuandika somo jipya: mgongo wa tatu si ugonjwa, upuuze. Alipolisoma tena aliona amekosea, alikusudia "mgongano". Akafuta, akaandika "kugonga mara tatu". Saa tano na nusu alilituma kwenye kisanduku, na mtandao wa kiwanda ukaanza kusuasua kama kawaida yake.

Asilimia arobaini. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Asilimia sitini. Chai ilipoa mbele yake. Kinu nambari nne kilikuwa kimetolewa udongo wote, tupu, kimya, kikisubiri jaribio. Alikitazama kupitia dirisha mpaka macho yakamwasha. Asilimia themanini na tano.

Saa sita kasoro dakika tano, meneja aliingia na wageni watatu waliovaa kofia ngumu mpya.

Asilimia tisini na mbili.

"Dakika chache tu, bosi."

"Wageni wana haraka. Washa."

"Bosi, somo bado halijafika lote..."

"Nimesema washa."

Alisimama mbele ya kinu, akabonyeza kitufe cha kijani. Moyoni alimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba kisijizime. Kinu kilijikokota, kikaguna kwa kelele iliyomeza kila sauti, kikaanza kugeuka polepole.

Hakikufika hata robo ya mzunguko. Kikajizima.

Mgeni mmoja alikohoa. Mfanyakazi mmoja nyuma yao akaguna, "Dada Kisanduku huyo."

"Ving'olewe vyote," meneja alisema. "Leo hii."

Mhandisi alitazama kioo cha kompyuta ndogo iliyokuwa mkononi mwake. Somo jipya lilikuwa limekwama palepale, tisini na mbili. Chini yake kisanduku kilikuwa kimeandika sababu ya kuzima: kugongwa mara tatu.

Hasira ilimpanda hadi utosini. Mzee yule alimtazama machoni akamwahidi! Aliwasukuma wageni, akakizunguka kinu akielekea upande wa ukutani.

"Fundi! Uliniahidi, mzee! Uliniahidi!"

Nyuma ya kinu hapakuwa na mtu. Palikuwa na viatu viwili vya kazi, vimepangwa sambamba kama vya mgeni mlangoni, na juu yake mlango wa kinu ulikuwa wazi.

Hodi ikapigwa tena, kutoka ndani.