Usiruke Hata Neno

Video ya kumi na saba nayo ilikuwa ni yeye.

Zaituni anachambua mchicha. Zaituni anafukuza kuku. Zaituni kambeba mwanawe Yahaya mgongoni, anaimba kwa Kipare. Zote zimechukuliwa kwa kuvizia, kutokea mlangoni, na chini ya kila moja kuna maandishi: kila alichosema, neno kwa neno.

Mume wake, Amiri, alikuwa kaenda kuswali Ijumaa, simu kaiacha kwenye chaji. Zaituni alitaka tu kupiga kwao Kwakoa mara moja. Sasa kakaa juu ya ndoo, anafungua moja baada ya nyingine.

Akafungua ya kumi na nane. Hiyo ni ya siku ile waliyogombana.

"Mama yako asinipangie," maandishi yanasema. Halafu kwenye mabano: (anagonga sufuria). Halafu: "Kama hunitaki sema, nirudi kwetu." (analia)

Hee. Mpaka kilio kaandika.

Mama mkwe, kule Maore, alishamwambia mbele za watu: "Mdomo huo, Zaituni, ndio utakaokurudisha kwenu." Yeye akachukulia ni maneno ya wakwe tu. Kumbe kuna mtu anakusanya ushahidi wa talaka.

Video zimepandishwa YouTube, zimefichwa mpaka uwe na linki, na wanaoandika chini yake ni wawili tu. Amiri, na mwanamke anaitwa Irine. Chini ya ile ya ugomvi huyo Irine kaandika: "Vizuri umeanza mapema. Usiruke hata neno lake moja. Na sauti za pembeni weka. Atakuja kuyasoma yote."

Mapema. Zaituni alilisoma hilo neno mara tatu.

Mwezi uliopita Amiri alimpeleka mtoto Moshi, eti shangazi yake anataka kumwona. Karudi kabadilika. Mkewe akiongea, yeye anamkodolea macho mdomoni, haulizi kitu, hacheki.

Mlango wa uani ukalia. "Assalaam aleikum."

"Irine ni nani?"

Amiri akaiona simu mkononi mwake. Akavua kofia polepole.

"Zai, nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Niambie basi. Nifungashe nguo zangu peke yangu, au na za mtoto? Maana naona mmeshaanza kumzoesha huko Moshi."

"Sio hivyo, mke wangu."

"Sio hivyo vipi? Kikohozi changu umeandika. 'Lori linapita', umeandika. Lori, Amiri. Tunakaa Same, barabarani, kadhi gani wa kuandikiwa kwamba lori linapita?"

Amiri akamtazama Yahaya, miezi kumi, kakaa mkekani kawapa mgongo, anageuzageuza kikombe cha plastiki.

"Nijibu."

Amiri alichomoa lile sinia kubwa la bati kwenye kichanja cha vyombo, akatembea nalo mpaka nyuma ya mtoto, akalinyanyua juu kwa mikono miwili, akaliachia kwenye sementi.

Kuku waliruka ukuta. Jenifer wa nyumba ya pili akapaza sauti: "Nyie, mnauana huko?"

Yahaya aliendelea kugeuza kikombe.