Firigisi ya Mgeni

Sheria ya kuku wa aina moja ilikuwa na miaka sita, lakini Ntandu hakuwa amesahau siku Bwana Mifugo Kihedu alipoingia uani kwake akawanyonga kuku wa urithi wa mama yake: kuchi, kishingo wasio na manyoya shingoni, wa manyoya ya kusimama.

"Vurugu tupu, mzee," alisema. "Nchi inataka kuku wanaofanana."

Kisha kikaja kideri kipya. Kwa kuwa kuku wote walifanana, ugonjwa ulipomjua mmoja uliwajua wote. Mabanda ya wilaya nzima yakanyamaza ndani ya wiki mbili.

Leo Kihedu amerudi, amekonda. Alipofungua mdomo, Ntandu akamkatiza. "Mgeni hasemi shida kabla ya kula. Karibu."

Njaa haikumwacha Kihedu aulize nyama ya kuku iliyowekwa mbele yake imetoka wapi. Hata firigisi, heshima ya mgeni, akaitafuna. Akalamba vidole.

"Nasikia ulificha kishingo mmoja, akaugua akapona. Sikukamati, mzee wangu. Ndiye pekee aliyebaki wilayani. Vifaranga vyake vitajaza nchi. Yuko wapi?"

"Ulimwambia mke wangu kishingo hafai hata kwa supu," Ntandu akasema. "Nikataka uonje mwenyewe."

Kihedu akaitazama mifupa, uso ukamshuka. Ntandu alikuwa ameisubiri sura hiyo miaka sita. Akaitazama mpaka ikamtosha.

Mkewe, Zainabu, akaja kuondoa sahani. "Na sisi, baba watoto," akauliza polepole, "tutafuga nini?"

Ntandu akageukia uani. Hapakuwa na chochote kinachoparua mchanga.